UCHAMBUZI: Nafuu ya mitumba imehamia mtandaoni, hasara inamwangukia nani?

KABLA jua halijachomoza katika soko la Gikomba jijini Nairobi, marobota ya nguo kuukuu huwa yameshakatwa kamba na waliowahi wameshayazingira. Zamani waliodamka hivyo walikuwa akina mama wenye vibanda mitaani pamoja na wachuuzi kutoka Thika, Machakos na Kajiado.

Siku hizi mstari wa mbele umejaa vijana wenye mikoba mgongoni na simu mkononi. Hawakuja kujitafutia shati la kuvaa. Wanachopoa vipande kumi au ishirini vilivyo bora zaidi, wanavilipia bila kubishana sana, kisha wanarejea nyumbani kuvifua, kuvipiga pasi na kuvipiga picha. Ifikapo jioni, nguo hizo zinanadiwa katika Instagram, TikTok, Facebook na WhatsApp, na bei yake imepanda mara mbili au tatu.

Vijana hawa hawajavunja sheria yoyote, na wengi wao wana shahada ambazo hazijawapatia ajira. Hata hivyo, ujio wao umezua swali ambalo, kwa maoni yangu, halijajadiliwa vya kutosha na watunga sera wala na sisi wanunuzi. Katika biashara ambayo hakuna anayejua kwa hakika kilichomo hadi kamba ikatwe, hasara ya kilicho kibovu humwangukia nani?

Ili kulielewa swali hilo, sharti tuanze na robota lenyewe. Neno mtumba, kabla halijawa jina la nguo zilizokwisha kuvaliwa na wengine, lilimaanisha furushi au mzigo uliofungwa, kama ule waliojitwika wapagazi wa misafara. Maana hiyo ya kale ingali na kazi, kwa sababu mfanyabiashara wa Gikomba hanunui nguo. Ananunua furushi.

Robota la kawaida huwa na uzani wa kilo 45. Hubanwa kwa mashine huko ng'ambo, likafungwa kwa kamba ngumu, na nje yake hutajwa tu aina ya kilichomo: suruali za wanaume, blauzi, nguo za watoto, shuka au mapazia. Anayelinunua kwa jumla hana ruhusa ya kulipasua na kuchungulia kabla ya kulipa. Huko ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na hapa gunia ni la kweli kabisa.

Likishafunguliwa, vilivyomo huchambuliwa kwa madaraja. Daraja la juu wachuuzi huliita kamera. Hizi ni nguo zinazokaribia kuwa mpya, na baadhi zingali na kibandiko cha bei ya duka la Ulaya. Zinazofuata hutundikwa kwenye viango. Kisha kuna fagia, yaani masalio yanayomwagwa chini juu ya turubai na kuuzwa kwa bei ya kutupa ili mahali pafagiwe. Kinachobaki baada ya fagia hakina jina, na makao yake ni jaani.

Faida yote ya mchuuzi hutegemea kamera. Akizipata nyingi, robota hujilipa katika saa mbili za kwanza na vingine vyote ni ziada. Akizikosa, mtaji umezama, na hana wa kumlalamikia. Aliyemuuzia kwa jumla naye alilipokea likiwa limefungwa, na aliyelifunga yuko katika bohari la mji ambao mchuuzi huyo hataufikia maishani mwake. Huko alishalipwa kwa kilo, matambara yakiwemo.

Kwa hiyo anaposikika mtu akisema mitumba ni rahisi, ni vyema akumbuke kwamba urahisi huo umelipiwa na mama aliyecheza bahati nasibu alfajiri. Bei ya Sh200 kwenye kiango imebeba ndani yake gharama ya zile nguo tano zilizokosa mnunuzi.

Sasa turejee kwa kijana mwenye simu. Yeye hachezi bahati nasibu hiyo. Anasubiri robota lifunguliwe, anatwaa kamera, na hatari anamwachia mwenye robota. Mchuuzi hafurahii wala hachukii, kwani anapata fedha zake mapema. Anayeumia ni mnunuzi wa kawaida, yule mwalimu au mlinzi anayefika saa nne asubuhi akikuta bei ni ile ile ya jana lakini nguo zilizotundikwa ni za daraja la pili.

Wapo wanaosema kwamba kijana huyo ni mnyonyaji. Sikubaliani nao. Anayeshinda ofisini kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi hana saa tatu za kuchakura marundo, na anapolipa Sh900 kwa koti lililonunuliwa Sh350, amelipia miguu ya mwenzake, sabuni, pasi na nauli. Hiyo ni kazi na kazi ina ujira. Kosa ni kudhani kwamba anachokipata mtandaoni ni nafuu ya Gikomba. Ananunua huduma, na angefanya vyema kuilinganisha bei hiyo na ya dukani wala si na ya sokoni.

Nafuu halisi ingali inapatikana kwa anayejua saa na siku. Katikati ya mwezi, mifuko ya watu inapokuwa mitupu, bei hushuka katika masoko ya Toi, Gikomba, Kibuye mjini Kisumu na Kongowea mjini Mombasa, na mchuuzi husikiliza zaidi. Mnunuzi mwenye busara huigeuza nguo nje ndani kabla ya kuitazama rangi. Hukagua mishono ya makwapa na ya mapajani, huifunga na kuifungua zipu mara mbili, na huinua kitambaa dhidi ya mwanga. Mashuka ya pamba, majaketi ya baridi na nguo za watoto, ambao huzikua kabla hazijachakaa, ndiko kwenye thamani kubwa. Viatu vyahitaji uangalifu zaidi, kwani soli iliyokaa miaka bohari huweza kumeguka siku ya tatu.

Lakini hata mjuzi wa kuchagua atakuambia kwamba mambo si kama yalivyokuwa miaka ishirini iliyopita. Sababu ziko mbali na Gikomba. Kwanza, nguo zinazoshonwa kwa haraka na kuuzwa kwa bei ya chini huko Ulaya, Marekani na Uchina zimejaa nyuzi za plastiki ambazo hupauka na kutoa vijipira baada ya kufuliwa mara chache. Nguo iliyoundwa ivaliwe mara kumi haiwezi kumfaa mtu wa pili, sembuse wa tatu.

Pili, wenyewe wa ng'ambo wamegundua thamani ya walichokuwa wakigawa bure. Zamani Mwingereza alipeleka koti lake katika duka la hisani, na lisiponunuliwa pale likasafirishwa kwetu. Leo anaweza kulipiga picha na kumuuzia jirani yake kupitia majukwaa kama eBay au Vinted, kampuni iliyoanzishwa Lithuania mwaka 2008. Kila koti zuri linalouzwa huko ni kamera moja iliyopungua katika robota la Gikomba. Ni kejeli ya aina yake kwamba simu ile ile inayomwezesha kijana wa Nairobi kuuza ndiyo inayomnyima bidhaa chanzoni.

Na wingi wa mizigo haukupungua kwa sababu hiyo. Kulingana na takwimu za serikali, Kenya iliingiza takriban tani 185,000 za nguo kuukuu mwaka 2019. Ukizigawa kwa kilo 45, hayo ni marobota zaidi ya milioni nne kwa mwaka mmoja.

Upande wa mtandao una hasara ya aina nyingine, na hapa nitasimulia yaliyonipata. Niliwahi kuagiza jozi ya viatu vya ngozi baada ya kuiona kwenye ukurasa mmoja wa mauzo. Picha ilipigwa kwa ubavu, kiatu kimoja mbele ya kingine, na ilipendeza mno. Nililipa kwa M-Pesa kwanza, kama nilivyotakiwa. Mhudumu wa bodaboda alipoleta mzigo, niligundua kwamba kiatu cha kulia kilikuwa nambari 43 na cha kushoto 42. Nilipompigia muuzaji alinitaka niwe na subira, na kufikia jioni nambari yangu ilikuwa imefungiwa. Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Viatu vile vilijitembeza hadi mlangoni pangu.

Mimi nilipoteza fedha kidogo na nikacheka. Wanaonunua simu zilizotumika hawacheki. Simu ni bidhaa ambayo kasoro yake kubwa haionekani machoni: inaweza kuwa imeibwa. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu humhesabu kuwa mkosaji mtu anayepokea mali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 14. Maneno hayo, "sababu ya kuamini", yanapasa kumkaa kichwani kila anayeuziwa simu ya Sh40,000 kwa Sh9,000 kando ya barabara na mtu asiyetaka kutaja jina lake.

Kuna mtego mwingine ambao umeenea tangu simu za kulipiwa kidogo kidogo zilipoanza kuuzwa kwa wingi. Mtu hulipa malipo ya awali, akaitumia simu kwa wiki kadhaa, kisha akaiuza mtandaoni kana kwamba ni yake. Deni lisipolipwa, kampuni iliyotoa mkopo huifunga simu kutoka mbali, na mnunuzi hubaki na kipande cha kioo. Vivyo hivyo kwa simu ambayo ingali imefungamana na akaunti ya mmiliki wa awali.

Kinga zipo na ni rahisi. Piga *#06# na ulinganishe tarakimu 15 zinazotokea na zile zilizo kwenye boksi na risiti. Mtake muuzaji aifute simu yote mbele yako na uiwashe upya kwa akaunti yako mwenyewe kabla ya kulipa. Kutaneni mchana, mahali penye watu. Atakayekataa mambo haya matatu, mwachie simu yake.

Muuzaji naye ana matapeli wake. Kuna wanaotuma ujumbe wa kughushi unaofanana na ule wa M-Pesa, na kuna wanaochukua bidhaa kisha wakaomba malipo yarejeshwe wakidai walikosea nambari. Huduma hiyo ya kurejesha, ambayo huanza kwa kutuma ujumbe wa malipo kwa 456, iliwekwa kuwafaa waliokosea kweli. Ndiyo sababu wachuuzi wengi wa mtandaoni hudai walipwe kwanza. Kila upande unamwogopa mwenzake, na hofu hiyo inaingizwa kwenye bei.

Je, sheria iko wapi? Katiba ya 2010, katika kipengele cha 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kupata maelezo ya kumwezesha kufaidika nazo. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 ina sehemu inayohusu mikataba ya intaneti, na inamtaka anayefanya biashara amweleze mteja mambo muhimu kabla ya makubaliano, ampe nafasi ya kukubali au kukataa, na ampatie nakala ya makubaliano hayo. Nimesoma vifungu hivyo zaidi ya mara moja. Ni vizuri. Ila sijawahi kukutana na mtu aliyerejeshewa Sh900 za koti kwa kuvitumia, kwani nauli ya kufuata haki ingezidi bei ya koti.

Hapo ndipo serikali inapaswa kuelekeza macho, lakini kwa miaka kumi iliyopita mjadala wake kuhusu mitumba umekuwa mmoja tu: tupige marufuku au tusipige?

Machi 2016, viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia mjini Arusha kuondoa nguo na viatu kuukuu sokoni hatua kwa hatua katika muda wa miaka mitatu, ili viwanda vya nyumbani vipate kupumua. Mwaka uliofuata, chama cha wafanyabiashara wa Marekani wanaouza bidhaa hizo kililalamika kwa serikali yao, na mpango wa AGOA, ulioruhusu nguo zetu kuingia Marekani bila ushuru, ukatiwa kwenye mizani. Kenya iliregeza kamba, na baadaye Tanzania na Uganda. Rwanda peke yake ilishikilia ushuru wake, ambao ulikuwa umepandishwa kutoka senti 20 hadi dola 2.50 za Marekani kwa kilo, na Julai 2018 ikasimamishiwa nafasi ya kuuza nguo Marekani chini ya mpango huo.

Kenya ilikuwa na sababu yake. Viwanda vya Athi River vilikuwa na maelfu ya wafanyakazi walioshona suruali mpya za kuvaliwa na Wamarekani, huku tukiagiza suruali walizokwisha kuzivaa. Uamuzi ule ulikuwa wa hesabu, na sidhani kwamba serikali nyingine ingefanya vinginevyo.

Mwaka 2020 marufuku ilikuja kwa mlango mwingine. Uingizaji wa mitumba ulisimamishwa kuanzia mwisho wa Machi kwa hofu ya virusi vya corona, na haukuruhusiwa tena hadi Agosti, chini ya waziri wa viwanda na biashara wa wakati huo, Bi Betty Maina. Miezi ile ilitufunza jambo. Mitumba ilipopungua, Wakenya hawakukimbilia vitambaa vya Eldoret, kwani havikuwepo kwa wingi wala kwa bei waliyoimudu. Walivaa walizokuwa nazo, na waliokuwa na marobota ghalani wakapandisha bei.

Kisha zikaja siasa. Juni 2022, akizindua manifesto yake ya urais, marehemu Raila Odinga alisema kwamba Wakenya huvaa nguo zilizotoka kwa watu waliokufa huko ng'ambo. Alikusudia kutetea viwanda vya pamba, na hoja yake ilikuwa na uzito, kwani Kicomi cha Kisumu kilizimika katika miaka ya tisini na Rivatex ya Eldoret ikaanguka kabla ya kununuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 na kuzinduliwa upya mwaka 2019. Lakini wachuuzi walisikia tishio kwa sahani zao za chakula, wapinzani wake wakalidaka neno hilo, na mjadala kuhusu pamba ukafia hapo hapo.

Mimi naamini kwamba marufuku isingefufua viwanda hivyo hata leo, kwa kuwa pengo lingezibwa na nguo mpya za bei ya chini kutoka Asia kabla ya pamba ya kwanza kuvunwa. Wanaotaka kumsaidia mkulima wa pamba waanze na mbegu, maji na bei ya umeme wa kiwandani.

Kwa mitumba yenyewe, kazi iliyopo ni ya kila siku na haina makofi ya kisiasa. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa nchini, KEBS, tayari linatumia kiwango cha Afrika Mashariki cha 2019 kinachotaka mizigo ipulizwe dawa na kinachozuia nguo za ndani zilizovaliwa. Hatua inayofuata ingekuwa kulilazimisha kila robota libebe jina la bohari lililolifunga na daraja la kilichomo, na mwagizaji awajibike likipatikana limejaa matambara. Hapo hasara ingeanza kurudi ilikotoka. Mahakama za madai madogo, zenye utaratibu mwepesi, nazo zinaweza kufunguliwa mlango wa kupokea malalamiko ya koti na viatu kwa njia ya simu, ili anayeuza kwa simu ashtakiwe kwa simu.

Gikomba nayo inahitaji njia za magari ya zimamoto. Moto wa Juni 2018 uliua watu 15 na haukuwa wa kwanza wala wa mwisho, na Oktoba 2024 soko la Toi liliteketea. Mchuuzi aliyelipia robota jana na kuliacha kibandani usiku hana bima. Kijana wa mtandaoni, ambaye mali yake yote imo katika sanduku chini ya kitanda, ana usalama kuliko yeye.

Jioni, wanunuzi wakishaondoka, nguo ambazo hata kwa Sh20 hazikupata mtu hukusanywa na kusukumwa kando. Zinazoelekea Dandora hupakiwa kwenye mikokoteni, na nyingine huishia kwenye kingo za Mto Nairobi unaopita pale sokoni, ambako matope yamechanganyika na nailoni tabaka kwa tabaka. Mwenye robota huhesabu alichopata, huondoa kodi ya kibanda na pesa za mbeba mizigo, kisha huamua kama kesho atakuwa na uwezo wa kukata kamba ya robota jingine.